Dakika Tisa za Mkwe

Katika nyumba ya mchora ramani hakuna neno zito lililowahi kusemwa jikoni. Wala mezani wakila, wala chumbani, wala mlangoni mtu akivaa viatu. Maneno mazito yalikuwa na mahali pake na saa yake: saa moja asubuhi, katika chumba kidogo cha kazi, mbele ya kompyuta inayoamka. Ukitaka kucheka hapo, cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kasha jeusi, refu kufika gotini, zito la kumvunja mtu mgongo. Ofisi ya wahandisi ilipofungwa, miaka kumi na tano nyuma, kila mfanyakazi aliambiwa aondoke na kile alichokuwa akikitumia. Karani aliondoka na kiti chake cha kuzunguka. Mlinzi aliondoka na saa ya ukutani. Mchora ramani alibeba kompyuta, kioo chake na nyaya zake zote, akarudi nyumbani kwa teksi, akamwambia mkewe kwamba amepewa likizo. Wiki nzima akawa yuko likizo. Siku ya nane asubuhi akaunganisha nyaya, akabonyeza kitufe, na mkewe akaja na vikombe viwili vya chai kuona hilo dude linafanyaje kazi.

Halikufanya lolote. Feni ilivuma, taa ndogo ya rangi ya machungwa ikakonyeza, kioo kikabaki cheusi tii. Wakakaa kusubiri. Ndani ya ule weusi wakajiona wote wawili, bega kwa bega, kama picha ya zamani isiyo na mwanga wa kutosha. Na mchoraji, akimtazama mkewe mle kiooni na si usoni, akasema, "Mimi sirudi tena ofisini, Mama Kitinda. Ofisi hakuna."

"Najua," mkewe akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie."

Desturi yao ilianzia hapo. Kitinda ni binti yao wa mwisho, na wao wenyewe walikwisha kusahau kuitana kwa majina mengine. Mama Kitinda ndiye aliyelibatiza lile dude jina la Mkwe. Alisema linafanana kwa kila kitu na marehemu mama wa mumewe: limekuja kwenye nyumba ya watu, likataka chumba chake, linaamka kwa wakati linaoutaka lenyewe, na likiwa linaamka nyumba nzima inakaa kwa adabu. Mbele ya mkwe watu hawagombani. Unaweza kusema lolote, ila unalisema taratibu.

Mwanzoni Mkwe alichukua dakika nne kuamka. Miaka ilivyokwenda zikawa tano, zikawa sita na nusu, mpaka zikafika tisa, na mambo ya nyumba nayo yalikuwa yakiongezeka, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mama Kitinda alizijua zile dakika kama anavyoyajua madirisha ya nyumba yake. Kwanza mlio mmoja mfupi. Halafu herufi nyeupe zinazokimbia, na hapo yalisemwa madogo madogo: bomba linavuja, jirani amerudi. Halafu giza refu, diski ikikwaruza ndani ya kasha kama kuku anayechakura kwenye majani makavu, na vumbi likiogelea kwenye mwanga wa dirisha. Gizani hapo ndipo yalipotoka makubwa. Kifo cha shemeji yake. Kuuzwa kwa gari. Mtoto wa kwanza kuoa bila kumwambia mtu. Siku Kitinda alipoacha uuguzi ili akasomee mashine, walilizungumza mle gizani, na mpaka picha za kioo zinaanza kujipanga mojamoja, mzee mzima alikuwa ameshakubali.

Wakati mwingine hapakuwa na la kusema. Walikunywa chai wakatazamana kiooni, na Mama Kitinda alihisi kana kwamba wamekaa chini ya maji, mahali ambapo hakuna anayeweza kuwaita.

Basi mwezi uliopita Mama Kitinda akawa na neno.

Lilikuwa shingoni, upande wa kushoto, kubwa kiasi cha yai la njiwa. Alilifunika kwa skafu. Alikwenda hospitali peke yake, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia mwalimu mwenzake, na huko daktari kijana mwenye kucha fupi safi alimwambia kwamba uvimbe huo unapaswa kutolewa. Hakuna haja ya kuogopa sana, alisema, ila pia hakuna haja ya kungoja. Kuna jambo moja tu la kumwambia mapema. Mshipa unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na pale. Mara chache, baada ya upasuaji, sauti hubadilika. Mara chache zaidi, hairudi.

Angeambiwa mguu, Mama Kitinda angekubali palepale. Lakini alikuwa amefundisha watoto wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, na chombo chake cha kazi kilikuwa hicho hicho. Sauti yake iliweza kumsimamisha mtoto anayekimbia upande wa pili wa uwanja bila yeye kuinuka kitini. Akatoka hospitali na barua mkobani: kitanda kimewekwa, Ijumaa saa mbili asubuhi, aje na mumewe au ndugu wa kutia sahihi. Asipokuja, kitanda kinapewa mwingine, na foleni ni miezi minne.

Akapanga kumwambia mumewe Jumatatu, gizani, mbele ya Mkwe. Alijizoeza hata maneno. Alipiga moyo konde. Na Jumapili jioni mlango ukagongwa, akaingia Kitinda na begi la mgongoni lililojaa bisibisi.

"Shikamoo, mama. Baba amenipigia. Anasema mashine imemchosha, nije niifufue."

"Marahaba. Imemchosha tangu lini?" Mama Kitinda aliuliza.

"Imemeza ngazi za zahanati!" mchoraji aliita kutoka chumba cha kazi. "Ghorofa mbili, hakuna ngazi! Wagonjwa watapanda kwa kamba?"

Ilikuwa kweli. Mkwe alikuwa amezeeka vibaya. Aliganda katikati ya mstari, alisahau mwaka, na zahanati aliyokuwa akiichora mchoraji ilitakiwa mwisho wa mwezi. Mama Kitinda alikubali yote hayo. Aliweka maji ya kuoga ya mwanawe, akajipa moyo kwamba asubuhi ni asubuhi tu.

Lakini Jumatatu saa moja, alipofika mlangoni na vikombe viwili, Mkwe alikuwa amelazwa chali juu ya meza, ubavu wazi. Kitinda alikuwa ameinama juu yake, taa kichwani, brashi mkononi. Alitoa vumbi la kutosha kujaza mto mdogo. Kisha akainua kile kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mama yake alikifanya kwa mikono yake na kumfunika nacho Mkwe miaka yote hii, kikining'inia mpaka mgongoni.

"Mama, hiki ni cha nini?"

"Cha heshima."

"Hapa nyuma ndipo anapopumulia. Mama, kumbe miaka kumi na tano ulikuwa unamvisha sweta!"

Baba na mwana walicheka mpaka mchoraji akafuta miwani. Mama Kitinda naye alicheka, maana lilichekesha, ila chai ilipoa mkononi mwake.

Kutwa nzima binti alifanya kazi. Aliing'oa feni kuu akaweka nyingine. Alifuta dawa ya kupoza joto iliyokauka juu ya moyo wa mashine, akapaka mpya, ya kijivu, kiasi cha punje ya mchele. Alibadilisha betri ndogo ya duara, ile inayokumbuka tarehe. Alichomeka vipande viwili vya kumbukumbu karibu na viwili vya zamani, mlio wa "ta" kila upande. Halafu akaunganisha diski mpya, nyembamba, nyepesi kama kadi ya mwaliko, na kuanza kuhamishia humo kila kitu kilichokuwa kwenye diski ya zamani. Uhamisho huo ulichukua hadi jioni. Mama Kitinda alipita mlangoni mara kwa mara, akasikia kuku wake akichakura, akichakura, na hakujua kwamba anamsikia kwa mara ya mwisho.

Jumanne saa moja mchoraji alibonyeza kitufe, na Kitinda akahesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja. Kabla mama mtu hajaweka kikombe mezani, picha zote zilikuwa zimejipanga, mahali pake, ziking'aa. Hapakuwa na mlio wala giza. Hapakuwa na sauti yoyote ndani ya kasha.

"Sekunde kumi na moja!" mchoraji alipaza sauti. "Kutoka dakika tisa! Mama Kitinda, umeona mwanao?"

"Nimeona. Hongera, mwanangu."

"Weka chai hapo, mke wangu, nakuja kunywa." Na hapohapo akaanza kuzirudisha zile ngazi, daraja baada ya daraja, mgongo wake umegeukia mlango. Hakuinywa. Mama Kitinda alisimama pale akiwa na barua mfukoni mwa gauni, na kwa kweli angeweza kusema. Chumba kilikuwa kilekile, mume yuleyule. Binti alikuwa ametoka nje kukung'uta brashi. Akafungua mdomo. Maneno aliyojizoeza yote yalikuwa ya gizani, na hapa palikuwa na mwanga mtupu. Akafunga mdomo, akarudi jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Unaweza kusema, mwanamke mtu mzima, ana ulimi, ana mume asiyemkaripia, kinachomzuia ni nini? Nami nakwambia, mtu aliyezoea kupita mlango mmoja miaka kumi na tano, ukiuziba mlango huo anakaa ndani, hata kama ukuta wote uliobaki umebomolewa.

Na binti je? Alifikiria kumwambia binti. Lakini alimjua. Kitinda angepiga simu kwa kaka zake wote watatu kabla sentensi haijaisha, na mchoraji angesikia habari za shingo ya mkewe kutoka kwa mtu wa nne. Hapana. Wa kwanza kujua alipaswa kuwa mumewe.

Alasiri usingizi ukamwiba kwenye kochi. Akaota yuko ndani ya korido ndefu yenye droo pande zote mbili, kuanzia sakafuni mpaka darini. Bibi kizee mwenye miwani minene alikuwa akiburuza ndala, anafungua droo, anachungulia, anafunga, anafungua nyingine. "Subiri, mwanangu," alisema bila kugeuka, "nimeiweka mahali, nakuja nayo." Mama Kitinda akamwambia hana haraka. "Wewe huna," bibi akajibu, "wenzio wananiharakisha." Kisha droo zote zikafunguka kwa pamoja, kimya kimya, kila kitu kikawa wazi, na yule bibi akabaki hana la kufanya. Akavuta kigoda, akakaa, mikono mapajani, akimtazama Mama Kitinda kana kwamba ndiye aliyemwachisha kazi.

Alizinduka shingo imemkakamaa. Alipopita chumba cha kazi, kwenye ubao wa dirisha aliiona diski ya zamani, imefungwa katika kitambaa cha kufutia vumbi. Akaichukua. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi.

"Hii inaweza kurudishwa?" alimwuliza binti yake sebuleni.

"Kurudishwa wapi, mama? Imechoka hiyo. Imebakiza siku za kuhesabu, na ikifa inakwenda na ramani zote za baba. Zahanati, nyumba za watu, kila kitu."

"Mbona ilikuwa inachelewa hivyo?"

Kitinda akafurahi kuulizwa. Alikaa mkono wa kochi, akaeleza. Ndani mle kuna sahani inayozunguka na sindano inayoelea juu yake, haigusi. Kila kitu unachokihitaji kiko mahali fulani kwenye sahani, na sindano lazima iende ikakitafute. "Kwa hiyo ilikuwa inatafuta, mama. Ule mkwaruzo wote ni kutafuta."

"Na hii mpya?"

"Hii haitafuti. Inajua."

Mama Kitinda aliirudisha diski dirishani, akaikunjia kitambaa vizuri zaidi ya ilivyokuwa. Akili yake ilikwisha kulimaliza lile wazo: hawezi kuhatarisha kazi ya mume wake ili yeye apate giza la kuzungumzia.

Jumatano alijaribu mezani. Walikuwa wanakula mchana, wote watatu, na Kitinda alikuwa ameinuka kufunga begi. Wakabaki wawili.

"Baba Kitinda, kuna jambo."

Mchoraji aliinua macho haraka mno, kijiko kikasimama hewani. "Jambo gani?"

Mama Kitinda akaivuta skafu juu. "Chumvi," akasema. "Haikuzidi?"

"Iko sawa. Iko sawa kabisa." Akaweka kijiko, akafuta mdomo. "Hebu nikimbie, nimekumbuka mlango wa maabara ya zahanati unafungukia upande mbaya." Na akaondoka kweli, nusu ya chakula ingali sahanini. Mwanamume huyu hakuwahi kuacha chakula sahanini tangu amwoe. Mama Kitinda aliiona ile sahani, lakini aliona kwamba ni ramani mpya imemteka, na akashika tama.

Kabla ya kuondoka, Kitinda aliwaita wote wawili chumba cha kazi awape somo. Kila mwezi, fungua ubavu, brashi laini, usilazimishe. Nyuma paachwe wazi, vitambaa vya heshima viwekwe juu ya televisheni. Faili zote zinakiliwe kwenye hiki kidude cha kuhifadhia kila Ijumaa. "Na ikigoma kuwaka kabisa," alisema, akipiga magoti, "kabla hamjanipigia simu na kunitia wasiwasi, angalieni waya huu mnene wa nyuma. Mara tisa kati ya kumi ndio huu." Akausukuma mpaka mwisho mbele ya macho yao. "Hivi. Ukikaa hivi hauchomoki wenyewe hata nyumba ihamishwe."

"Tumeelewa, fundi," baba yake akasema.

Kitinda alimkumbatia mama yake mlangoni, na kwa sekunde moja kidevu chake kiligusa skafu. "Mama, hili joto lote, skafu ya nini?"

"Mafua yananinyemelea."

"Pole. Kunywa vitu vya moto." Akashuka ngazi mbili mbili kama alivyoshuka tangu utoto.

Alhamisi Mama Kitinda aliamka mapema, mumewe akiwa bado kalala, mwanga wa dirishani ukiwa rangi ya maziwa. Nyumba ilikuwa na ule ukimya mpya. Alitembea pekupeku mpaka chumba cha kazi, akapiga magoti nyuma ya kasha jeusi kama alivyomwona mwanawe akipiga, akaupapasa waya mnene. Aliuvuta. Ulikuwa mgumu, akauzungusha kidogo, akauvuta tena, na ukatoka kwa mlio mdogo kama jino la mtoto. Akaulaza sakafuni, kwenye vigae, kichwa chake kikitazama ukuta. Hakuuficha. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Alitaka tu Mkwe achelewe.

Saa moja mchoraji aliingia, nywele zimelowa maji ya kunawa. Mama Kitinda alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, cha kushoto, vikombe viwili mezani.

"Umeniwahi leo," mumewe akasema.

"Nimekuwahi."

Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, kwa muda mrefu zaidi, akiinamisha sikio. Kisha akashika ukingo wa meza, akapiga magoti, akachungulia nyuma.

Mama Kitinda hakuuona uso wake. Aliona mgongo tu, na kile kipara cha utosini ambacho mwenyewe hakijui ukubwa wake. Ule mgongo ukakaa vile bila kucheza. Waya ulikuwa palepale, mbele ya pua yake. Mtoto wa darasa la kwanza angeuona. Mama Kitinda alisubiri kuulizwa.

Mchoraji aliinuka polepole, akipangusa magoti. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akaketi kwenye kiti cha kulia, akavuta kikombe chake, akatazama kioo cheusi mbele yao.

"Inaonekana Mkwe leo amechelewa kuamka," akasema.

"Amechelewa."

"Basi tumsubiri. Dakika tisa hivi, sivyo?"

Alimwona mumewe mle kiooni, akijiona naye pembeni yake, bega kwa bega, na mwanga wa dirisha umejaa vumbi jipya linaloogelea kana kwamba Kitinda hakuwahi kulifagia. Machozi yakamtoka hata kabla ya maneno. Kisha maneno yakaja, yote, kwa mpangilio uleule aliojizoeza: yai la njiwa, daktari mwenye kucha fupi, mshipa, Ijumaa saa mbili, mtu wa kutia sahihi. Alisema taratibu, kama inavyosemwa mbele ya mkwe. Mumewe hakumkatiza.

Alipomaliza, mumewe aliweka kikombe mezani.

"Nilijua kuna kitu," mchoraji akasema. "Skafu kwenye joto hili. Mwezi mzima. Nilijua iko siku utaingia hapa uniambie. Kila asubuhi nilikuwa nabonyeza kile kitufe roho iko juu." Akavua miwani, akaifuta. "Mimi ndiye niliyempigia simu mwanao aje. Mashine ilikuwa mbovu, ndiyo. Lakini ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi, mama. Nilipoona kumi na moja, niliwaza, haya, sasa hatapata nafasi ya kuniambia. Niliogopa. Nisamehe."

Mama Kitinda alimtazama mle kiooni. Alikasirika, na hasira ilimchoma kifuani kwa haki kabisa: siku tatu alizobeba barua ile kutoka chumba hadi chumba. Alifikiria sahani iliyoachwa na nusu ya chakula. Halafu akamwona mzee mwenye nywele zilizolowa, mikono juu ya magoti, mwenye woga uleule alionao yeye, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Mzee mzima unakimbilia maabara," akasema.

"Mlango wenyewe ulikuwa sawasawa."

Mama Kitinda akafungua skafu. Aliifungua huku akitazama mbele, kama walivyozoea, lakini mumewe akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika chumba kile: akageuza kiti, miguu ya kiti ikalia juu ya vigae, akaacha kioo akamtazama yeye. Akainua mkono, akaweka ncha ya kidole pale, kwa utulivu, kama anavyokiweka juu ya ramani kumwonyesha mwenye nyumba mlango utakapokuwa.

"Inauma?"

"Haiumi. Imekaa tu."

"Kesho tutoke saa kumi na mbili na nusu. Barabara ile hujaa."

"Na sauti ikiondoka?"

Mchoraji alikuwa mtu wa vipimo na hakuzoea kutoa jibu asilolijua. "Sijui," akasema. "Nyumba yote hii nimeichora mimi, lakini bila sauti yako sijui itakuwaje. Sijui, mke wangu." Akatoa kidole shingoni, akaushika mkono wake badala yake. "Basi leo sema. Sema yote."

"Una zahanati ya kumaliza."

"Zahanati ina ngazi zake tayari." Akatupa jicho nyuma ya kasha, kule sakafuni. "Na Mkwe, kama unavyoona, bado kabisa."

Mama Kitinda akacheka, kicheko kile cha uwanjani cha kusikika mpaka upande wa pili, akafuta macho kwa skafu. Akasogeza kiti chake karibu. Akaanza na lile la mwaka wa kwanza wa ndoa, la mapazia, ambalo mumewe alidhani limesahauliwa. Waya ulibaki sakafuni mpaka saa saba mchana.